Makoye na Mizani ya Damu

Mwahija ndiye aliyelileta neno, kama alivyoleta maneno mengi katika mtaa ule wa wachimbaji, kwenye njia ya kutoka Geita kwenda Kharumwa. Alikuja asubuhi kuazima ungo, akaupata, na badala ya kuondoka akakaa kitako kando yake.

"Huyo Makoye wa misheni," alisema, "anapima damu za watu kwenye mizani."

Euphrasia alikuwa anamwogesha mtoto kwenye karai. Hakuinua uso. "Damu za nani?"

"Za wanaopasuliwa, za nani tena? Sista anakata, damu inaingia kwenye vitambaa, Makoye anavipokea, anaviweka kwenye mizani ile ile iliyokuwa ikipimia dhahabu kule kwenye mgodi uliofungwa. Halafu anavihesabu, anaandika. Shemeji yake mwenyewe amemwambia mke wa fundi cherehani, na mke wa fundi hanifichi kitu."

"Labda ndiyo kazi ya hospitali."

"Kazi!" Mwahija alicheka. "Mama Valerian, wewe umesoma hadi darasa la nne, hebu nifundishe. Umewahi kumwona mtu anapima kitu asichokiuza? Pamba inapimwa, inauzwa. Dhahabu inapimwa, inauzwa. Mimi mchele wangu naupima, nauuza. Damu inapimwa, halafu? Inamwagwa? Mumiani hiyo, shoga yangu. Inakwenda Ulaya kwenye chupa."

Euphrasia alimtoa mtoto majini akamfunga kanga. Katika nchi ile kila mtu alikuwa amesimama mbele ya mizani ya mtu mwingine akisubiri kuambiwa kiasi, na hakuna aliyewahi kusimama pale bure.

Habari ilimgusa kuliko alivyoonyesha, kwa sababu Alhamisi ile dada yake, Bernadina, alikuwa apasuliwe misheni. Bernadina alikuwa na uvimbe katika kizazi. Kila mwezi damu ilimtoka siku kumi, wakati mwingine kumi na tano. Kucha zake zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyeshinda akifua, na akipanda kutoka kisimani alipumzika mara tatu. Sista daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwaka mwingine wa namna ile hataumaliza.

Mama yao, Bibi Mageni, alikuwa amekataa upasuaji mara mbili. Sasa alikuwa amekubali, na neno la Mwahija likamfikia siku hiyo hiyo, maana maneno ya Mwahija hayakuhitaji baiskeli. Jioni alimwita Euphrasia nyuma ya nyumba, akamkabidhi kibuyu kidogo chenye kizibo cha gunzi.

"Mwanangu, mimi kukata sikukatai tena," alisema. "Wamkate. Lakini damu ya mtoto wangu haitabaki kwa watu. Wewe ndiye utakayekaa naye kule. Utakayoiona, utaichukua, uje nayo tuizike nyumbani. Usipoweza, niambie sasa, mtu asiende."

"Mayu, vile vitambaa vinahesabiwa."

"Sikukutuma vitambaa."

Euphrasia alikichukua kibuyu. Aliona wazi kwamba bila kibuyu hakuna safari, na bila safari hakuna Bernadina.

*

Wagonjwa wa kupasuliwa walilazwa siku tatu kabla, walishwe maini na wapimwe, na kila mmoja alikuwa na ndugu wa kumpikia. Kwa hiyo Euphrasia alipata siku tatu za kumtazama Makoye, na alimtazama kama mtu anavyomtazama mbwa ambaye ameambiwa anauma.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye kaptura ya kaki iliyopigwa pasi na miguu mitupu. Alitembea polepole hata mvua ikinyesha. Chumba chake kilikuwa mwisho wa baraza ya nyuma, karibu na chumba cha upasuaji; zamani kilikuwa stoo ya mahindi. Mlango aliuacha wazi. Ndani kulikuwa na meza, mizani ya shaba chini ya kipande cha chandarua, mawe ya kupimia ndani ya kisanduku chenye vishimo, na daftari. Nje ya mlango kulikuwa na benchi.

Kila asubuhi alipima vitambaa vikavu. Vilikuwa vya shashi, vilivyofuliwa na kuchemshwa na kurudiwa tena na tena, kwa sababu vipya havikuja mara kwa mara. Alivifunga kumikumi, akapima kila fungu, akaandika. Siku ya pili Euphrasia, aliyekuwa anachambua mchele barazani, alishindwa kuvumilia.

"Shikamoo, baba Makoye."

"Marahaba, mwanangu."

"Jana si ulivipima hivyo hivyo?"

"Jana kulikuwa na jua." Aliinua fungu moja. "Leo mvua imenyesha toka alfajiri. Shashi inakunywa unyevu wa hewani. Leo kila fungu limezidi gramu mbili. Nisipozitoa hizo mbili, nitamwambia Sista kwamba mama fulani ametokwa na damu, kumbe ni mvua."

Alisema hivyo bila kucheka, akarudi kwenye daftari.

Mengine kuhusu Makoye aliyapata kwa Pantaleo, mpishi wa hospitali, mtu mnene aliyependa kusimulia akiwa ameshika mwiko. Makoye alizaliwa upande wa Kharumwa, akachunga ng'ombe, akasoma miaka miwili kwa katekista. Akiwa kijana aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba kushika mizani. Huko alijifunza kupima kwa ratili. Alifukuzwa kwa sababu alikuwa na tabia ya kutamka uzito kwa sauti kabla mnunuzi hajautamka. Kisha akaenda kwenye mgodi mdogo wa dhahabu akajifunza kupima kwa tola, akakaa humo miaka tisa hadi mgodi ukafungwa baada ya vita.

"Na hapa alikujaje?" Euphrasia aliuliza.

"Alikuja na ngiri yake kama watu wengine," Pantaleo alisema. "Akapasuliwa, akalazwa pale karibu na mizani ya kupimia watoto wachanga. Siku mbili anaitazama tu. Siku ya tatu akashuka kitandani, tumbo limefungwa, akakunja karatasi akaiweka chini ya mguu wa meza. Nesi akamgombeza. Akasema, 'Dada, meza imeinama, watoto wenu wote mmewaongezea uzito.' Sista akapima tena, akaona kweli. Basi hakumwacha aende zake tena, akampa kazi."

"Wanasema anauza damu."

Pantaleo alikoroga uji. "Ananuka damu, hilo kweli. Mkewe hamruhusu kuingia ndani mpaka aoge kwa majivu. Lakini kuuza? Makoye hawezi kuuza hata yai. Atalipima, atakwambia ni bovu, utaondoka."

Kazi yenyewe Pantaleo aliieleza hivi. Sista alikuwa anatafuta njia ya kuwakata akina mama wenye uvimbe wasitokwe na damu nyingi. Njia aliyoijaribu ilikuwa kukifunga kizazi kwa mpira, kama mtu anavyofunga mdomo wa gunia, kisha akate, kisha aufungue. Mama wa kwanza alifungwa mpira, wa pili hakufungwa, wa tatu akafungwa, hivyo hivyo, miaka miwili na nusu sasa, akina mama thelathini na sita. Ili ajue kama mpira unasaidia, ilibidi ajue kila mmoja ametokwa na kiasi gani. Macho hayakutosha. Sista mwenyewe alisema macho ya anayekata hudanganyika, na yakichoka hudanganyika zaidi.

"Na tena," Pantaleo alisema, "Makoye akisema imefika gramu mia saba, wanatundika chupa. Damu ya chupa ni kidogo. Hata mimi nimetoa, hapa." Akaonyesha mkono. "Imo kwenye friji ya mafuta ya taa, karibu na siagi ya masista."

Euphrasia alisikiliza yote hayo. Usiku alikigusa kibuyu ndani ya kikapu chini ya nguo za mtoto. Hakukiondoa. Pantaleo alikuwa mtu wa misheni, na mtu wa misheni angesema nini?

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Bernadina aliingizwa chumbani. Kwenye orodha alikuwa wa thelathini na nane, wa kutofungwa mpira, lakini mama wa kabla yake alikuwa amekataa dakika ya mwisho na kuondoka zake, kwa hiyo zamu ya mpira ikawa yake. Alipopita kwenye machela alimshika Euphrasia kidole.

"Ukiona nimekawia, uje uniamshe," alisema.

"Nitakuja na maji ya baridi."

"Ndivyo ulivyokuwa unaniamsha tangu zamani. Mbaya wewe."

Mlango ukafungwa. Euphrasia alikaa barazani na Valerian mgongoni. Baada ya muda nesi alitoa ndoo ya kwanza yenye kifuniko. Makoye aliipokea, akaiingiza chumbani kwake, na Euphrasia akamsikia akitamka uzito mara mbili, kama mtu anayemjibu mtu. Akaenda dirishani akamwambia Sista. Ikaja ndoo ya pili. Akapima, akatamka, akaenda dirishani. Jumla ilikuwa gramu mia mbili na hamsini.

Kisha ndani sauti ya Sista ikapanda kidogo, ikashuka. Nesi alitoka haraka na ndoo ya tatu.

"Makoye, weka hiyo, njoo ushike machela. Mwenzio hayupo, ameenda Geita na lori."

Makoye aliiweka ndoo kwenye benchi, akakaza kifuniko, akanawa mikono, akaingia ndani.

Baraza ilibaki na Euphrasia peke yake. Alisimama. Alifungua kifuniko. Vitambaa vilikuwa vimejaa hadi juu, na chini damu ilikuwa imejikusanya. Hakufikiri jambo kubwa. Alifikiri kwamba vinahesabiwa, kwa hiyo kisipotee hata kimoja. Akavikamua kimoja kimoja juu ya kibuyu, akivisokota kama anavyosokota nepi, akamiminia na ile ya chini, akavirudisha vyote. Vilikuwa ishirini na viwili. Akafunika. Akafuta benchi kwa upindo wa kanga, akaziba kibuyu kwa gunzi, akakirudisha kikapuni. Mtoto mgongoni hakuamka.

Makoye alirudi, akapima. Euphrasia alimsikia akitamka: "Mia moja na sitini." Akatamka tena: "Mia moja na sitini." Kisha akaenda dirishani: jumla gramu mia nne na kumi.

"Vizuri!" Sista alisema ndani. "Vizuri sana. Hakuna haja ya chupa."

*

Saa nane mchana Bernadina alikuwa na jasho baridi kwenye paji la uso. Saa nane na nusu midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, akawa anaomba maji na hayamalizi. Nesi alishika mkono wake, akahesabu mapigo, akahesabu tena, akaenda kumwita Sista. Sista alikuja, akambonyeza tumbo, akamvuta kope. Euphrasia, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, alimwona akitazama karatasi ya Makoye kana kwamba karatasi imemtukana.

"Ametokwa na mia nne tu," Sista alisema kwa Kiswahili chake cha pole. "Mtu hawi hivi kwa mia nne. Damu nyingine iko wapi? Iko ndani. Inatoka ndani na sisi hatuioni." Akamwambia nesi, "Chemsha vyombo. Tutamfungua tena."

"Sista, ataweza?" nesi aliuliza.

Sista alikuwa amekwisha anza kunawa mikono.

Euphrasia alitoka barazani akakaa chini karibu na kikapu. Alielewa kwamba kuna kitu kimekwenda vibaya, lakini kibuyu na jasho la dada yake vilikuwa bado vitu viwili mbalimbali akilini mwake. Kibuyu kilikuwa sharti la mama. Jasho lilikuwa ugonjwa.

Makoye alikuwa amerudi chumbani kwake. Kupitia mlango uliokuwa wazi Euphrasia alimwona akitoa vitambaa vya ndoo ya tatu, kimoja kimoja, na kuvilaza mezani. Alikaa akivitazama. Kisha akatoka, akaja, akachuchumaa mbele yake, si karibu sana, kofia mkononi.

"Mama Valerian," alisema kwa sauti ya chini. "Vitambaa vya ndoo ya tatu vimekamuliwa."

Euphrasia alikivuta kikapu karibu.

"Vitambaa hivi nimevifua mwenyewe miaka miwili na nusu. Shashi iliyoloa naijua, na shashi iliyosokotwa naijua. Hivi vina mikunjo ya mikono ya mwanamke. Sikuulizi ni nani. Nakuuliza damu iko wapi na ni kiasi gani."

Mkono wa Euphrasia ulikuwa juu ya kikapu. Kama aliyoyasema Mwahija yalikuwa kweli, basi huyu ndiye mtu, amekuja, na ameuliza kile hasa walichosema atakiuliza. Mama yake alikuwa amesema niambie sasa, mtu asiende. Na mtu alikuwa amekwisha kwenda.

"Ukiipata utaifanyia nini?" aliuliza.

"Nitaipima."

"Halafu?"

"Halafu nitakurudishia."

"Mtu gani anapima kitu asichokiuza?"

Makoye aliitazama kofia yake. Inaonekana hakuwahi kuulizwa hivyo. "Nimepima pamba ya watu, ikauzwa wakalia," alisema. "Nimepima dhahabu, ikauzwa, mgodi ukafungwa. Hii naipima ili Sista ajue amrudishie dada yako kiasi gani. Basi. Sasa hivi nimemwambia uongo. Anadhani damu imejificha tumboni. Vile visu vinavyochemka ni vya kwenda kuitafuta. Atamfungua mtu ambaye hana damu ya kumtosha kufunguliwa, na tumboni hataikuta, kwa sababu umeikalia wewe."

Euphrasia alikitoa kibuyu kutoka chini ya nguo za mtoto akampa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo alipomwona Makoye akikimbia. Alikimbia hatua kumi hivi, hadi mezani, kisha akawa mpole tena. Alikipima kibuyu kikiwa kimejaa, akaimimina damu kwenye bakuli, akakipima kikiwa kitupu, akatoa hesabu kwenye ukingo wa daftari. Euphrasia alisimama mlangoni akaona jiwe la mwisho, dogo kama punje ya mtama, likiwekwa na kibano.

"Mia tano na sitini na tano," alisema Makoye. "Mia tano na sitini na tano." Akaenda dirishani. "Sista, si mia nne na kumi. Ni mia tisa na sabini na tano. Nyingine ilikuwa kwenye kibuyu."

"Kwenye nini?"

"Kibuyu, Sista. Tumboni hakuna kitu."

Kisha sauti ya Sista: "Zima jiko. Lete chupa. Zote mbili."

Chupa ya kwanza ilikuwa ya Pantaleo. Ilipofika nusu, midomo ya Bernadina ilirudiwa na rangi kidogo, kama kanga iliyofifia. Ya pili ilipokwisha aliomba maji akayamaliza. Jua lilikuwa bado juu ya paa la jiko.

Makoye alikuja barazani na kibuyu, kimezibwa kwa gunzi lake, kimefutwa. "Chukua," alisema. "Mimi nimekwisha pima. Kukizika ni haki yenu."

*

Bernadina alikaa misheni siku kumi na mbili. Siku ya tano alimuuliza Pantaleo, aliyemletea uji, kama ni kweli damu yake ndiyo imo ndani yake sasa.

"Kweli kabisa."

"Basi ndiyo maana naota masufuria."

"Na bado," Pantaleo alisema. "Subiri uanze kunenepa."

Bibi Mageni alikuja na ndizi, akakaa na binti yake mchana mzima, akakichukua kibuyu akaenda kukizika. Euphrasia alimweleza yaliyotokea. Mama yake alisikiliza, akauliza swali moja tu: je, huyo mwanamume aliirudisha yote? Alipoambiwa yote, alisema, "Wabeja," neno moja la shukrani, akajifunga kanga upya akaenda zake. Mumewe Euphrasia, Donatus, alipopata ruhusa ya kutoka mgodini, alisema afadhali jambo hilo lisisemwe mtaani, na Euphrasia alikubaliana naye.

Sista hakumgombeza. Alimwita, akamwomba aeleze alivyokamua, vitambaa vingapi, na muda gani, akaandika. Benchi liliondolewa nje siku hiyo hiyo, ndoo zikawa zinaingizwa ndani moja kwa moja. Lakini Makoye hakuonekana mtu aliyemaliza jambo. Kwenye daftari alikuwa amechora mstari mpya wima, na juu yake ameandika kibuyu, na katika safu hiyo kulikuwa na namba moja tu, ya Bernadina. Euphrasia aliiona siku alipopita kuanika nepi. Kila alipopita tena, Makoye alikuwa amekaa mbele ya safu ile yenye namba moja, na mizani imefunikwa.

Siku ya kumi na mbili, lori la misheni likisubiriwa, Makoye alimwita. Alimwekea kigoda mlangoni, mahali ambapo kila mtu angewaona, akabaki amesimama.

"Mama Valerian, wewe ni wa kwanza niliyemgundua," alisema. "Sidhani wewe ndiye wa kwanza kukamua."

Euphrasia alimhamishia mtoto titi la pili. "Wengine sijui, baba."

"Mimi pia sijui. Ndilo tatizo." Alifungua daftari. "Nimepekua. Katika miaka miwili na nusu, ukimtoa dada yako, nimeitwa kushika machela mara kumi na moja, ndoo ya mwisho ikabaki kwenye benchi. Mara kumi na moja. Kati ya akina mama hao, wanane walifungwa mpira. Na damu ya waliofungwa mpira iko kwenye ndoo ya mwisho, kwa sababu mpira hufunguliwa mwishoni. Ya dada yako si ulivyoona? Ndoo mbili za kwanza zina kidogo, ya tatu imejaa."

"Kwa hiyo mpira hausaidii?"

"Sijasema hivyo. Labda unasaidia sana. Labda unaichelewesha tu. Daftari langu linasema unasaidia sana, na Sista amekwisha andika karatasi ndefu ya kupeleka kwao ikachapwe, madaktari wa mbali waisome. Watafunga mpira, wataona daftari la Makoye linasema damu ni kidogo, hawataweka chupa tayari. Halafu mama wa watu atatoka jasho saa nane mchana, na huko hakuna kibuyu cha kukitafuta." Alifunga daftari. "Jana Sista ameniuliza, 'Makoye, namba zako ni safi?' Nimemwomba asubiri mwezi mmoja. Kwenye mizani sijawahi kuomba kusubiriwa."

"Si uende ukawaulize?"

"Nimekwenda kwa mmoja, Bukoli. Alinikaribisha, akanipa maziwa, akaniambia hajui chochote, akatuma watoto waingie ndani. Nilipotoka, njia nzima milango inafungwa." Hakuonekana mwenye uchungu, aliisema kama bei ya chumvi. "Wewe unajua kusoma na kuandika. Una mtoto mchanga, hawatakufungia milango. Na ulifanya walichofanya wao. Utaanza kwa kuwaambia hilo."

Akainama chini ya meza akatoa kreti. Ndani kulikuwa na chupa za dawa tupu, zimeoshwa, zina vizibo. Kila moja ilikuwa na kipande cha plasta chenye jina la mwanamke na la kijiji, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika kwa katekista. Euphrasia alihesabu kwa macho. Zilikuwa kumi na moja.

"Lori la misheni hupita kote huko siku za gulio, nimekwisha mwomba dereva," Makoye alisema. "Usiwaambie wamekosa. Damu walikwisha izika, siitaki. Waulize kama walikamua, na walikamulia kwenye chombo gani. Kama chombo bado wanacho, wakuonyeshe ilifika wapi. Jaza maji mpaka hapo, uyamimine kwenye chupa yenye jina lake, uzibe. Asiyekamua, niletee chupa yake tupu, hiyo nayo ni namba." Akamsogezea kreti hadi miguuni. "Niletee hayo maji, mwanangu, niyapime."